Je, wajua kwa nini ufalme wa Áedán mac Gabráin ulikuwa Ayalandi na Uskoti kwa wakati mmoja?

Ufalme huo uliitwa Dál Riata. Ukiutafuta kwenye ramani ya leo, utadhani ni ufalme uliopasuliwa. Kipande kidogo kiko Antrim, kaskazini-mashariki mwa Ayalandi. Kikubwa kiko Argyll na visiwa vyake, magharibi mwa Uskoti. Katikati ni bahari.

Macho yetu yamezoea barabara, ndiyo maana. Kwa Wagaeli, watu wa Dál Riata, wa karne ya 6, ukuta ulikuwa milima. Safu ya Druim Alban iliwatenga na Wapikti wa mashariki, ilhali mlango wa bahari, wenye upana wa kilomita 20 hivi pale palipo pembamba, ulivukwa kwa makasia mchana mmoja tu ukiwa shwari.

Hata wajibu wa raia ulihesabiwa kwa mashua. Waraka wa kale uitwao Senchus fer nAlban unasema kila nyumba 20 zilidaiwa mashua mbili zenye viti saba vya wapiga makasia. Ukoo wa Áedán, Cenél nGabráin, ulioitwa kwa jina la baba yake Gabrán, umeandikiwa nyumba 560. Piga hesabu: mashua 56, za ukoo mmoja tu.

Áedán alishika utawala mwaka 574. Adomnán, abate (mkuu wa watawa) wa kisiwa cha Iona aliyeandika zaidi ya miaka mia baadaye, anasimulia kisa ambacho mimi hunichekesha: mtawa Columba alimtaka Éoganán, ndugu yake Áedán, awe mfalme, mpaka malaika akamchapa kiboko na kumwachia kovu. Basi akambariki Áedán. Malaika au la, baraka hiyo ilikuwa na faida, kwani Columba alikuwa mzaliwa wa Uí Néill, nasaba yenye nguvu kaskazini mwa Ayalandi.

Faida yake ilionekana kwenye mkutano wa Druim Cett, Áedán alipokutana na mfalme Áed mac Ainmuirech wa Uí Néill, Columba naye akiwapo. Watu wa Antrim wamtumikie nani? Masimulizi ya baadaye yanasema uamuzi ulikuwa hivi: askari wao wa nchi kavu waende na mfalme wa Ayalandi, merikebu zao ziende na Dál Riata. Nani hapo alipunjwa? Si Áedán, nionavyo mimi. Merikebu ndizo zilizomfikisha hadi visiwa vya Orkney.

Kwenye nchi kavu mambo yalimgeukia. Mwaka 603 alimfuata Æthelfrith, mfalme wa Waanglo wa Northumbria, hadi Degsastan, akashindwa vibaya. Mjukuu wake, Domnall Brecc, ndiye aliyeharibu kabisa: mwaka 637 alijiunga na vita dhidi ya Uí Néill wenyewe, huko Mag Rath, akapigwa. Baada ya hapo sauti ya ukoo huo upande wa Ayalandi ilififia, wakabaki na Argyll.