Bastola Chini ya Koti: Mwenye Leseni Anaruhusiwa Kwenda Nayo Kazini?

Miezi ya Juni na Julai, baridi inapobana Mbeya na kila mtu anatembea na koti zito, si rahisi kujua mwenzako amebeba nini kiunoni. Msimu mmoja wa baridi, mzee mfanyabiashara wa mbao kutoka Mafinga alifika katika kituo chetu cha msaada wa sheria kwa shauri la mkataba wa shamba la miti. Alipoketi, kitu kizito kiligonga egemeo la kiti na karani wetu akageuka. Mzee hakuficha. Alifunua pindo la koti, tukaona mpini wa bastola ukichungulia juu ya mkanda, umechomekwa hivihivi bila mkoba wake, kisha akatoa kitabu cha leseni kwenye mfuko wa shati. "Kibali ninacho, wakili mwanangu, usiogope," alisema. Shauri la miti tulilimaliza kwa nusu saa, lakini maswali yake kuhusu ile bastola yalituchukua asubuhi nzima: anaruhusiwa kukaa nayo dukani? Anaweza kuingia nayo ofisi za watu? Na akisafiri, kijana wake wa dukani anaweza kuishika?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haina ibara inayompa raia haki ya kumiliki silaha. Ibara ya 14 inalinda uhai, na ibara ya 24 inalinda mali, lakini hakuna yoyote kati ya hizo inayoigeuza bastola kuwa haki. Anayeimiliki anaimiliki kwa ruhusa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Ndiyo maana maombi huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaomfahamu mwombaji, yakapita kwenye kamati za usalama na kwa polisi, mpaka yamfikie Msajili wa Silaha. Leseni inayotoka huko humtaja mtu mmoja na silaha moja yenye namba yake, na inaweza kuwekewa masharti. Aliyeomba kwa sababu ya kulinda mazao shambani hana sababu hiyohiyo anapoingia nayo kikao cha harusi.

Vijana wengi hujibu maswali haya kwa yale waliyoyaona kwenye filamu za Marekani. Huko mambo ni mengine kabisa: mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi iliyotoka New York, ilitamka kwamba kubeba bastola hadharani kwa ajili ya kujilinda ni haki ya kikatiba. Hata hivyo, huko nako mwajiri binafsi kwa kawaida anaweza kupiga marufuku silaha ndani ya jengo lake, na mvutano mkubwa umekuwa juu ya maegesho ya magari. Jimbo la Florida, kwa mfano, lilitunga sheria mwaka 2008 inayomruhusu mfanyakazi mwenye kibali kuiacha silaha yake ikiwa imefungiwa ndani ya gari lake kwenye maegesho ya kazini. Kwa hiyo hata anayetaka kuiga Marekani, aige yote.

Kwetu, swali la kama bastola imefichwa chini ya koti au inaonekana si kiini cha jambo. Kiini ni iko mikononi mwa nani, kwa leseni gani, na inafanya nini mahali hapo. Mmiliki wa duka la mbao aliyepewa leseni kwa ajili ya usalama wake na wa biashara yake yumo ndani ya ruhusa anapokuwa nayo dukani mwake, mradi anaimudu na ana kitabu chake, kwa sababu askari akimtaka aonyeshe leseni ni wajibu wake kuionyesha. Ninapendekeza pia mkoba wake maalumu unaofungika, na sisemi hivyo kwa sababu ya urembo: bastola iliyochomekwa kwenye suruali huteleza mtu anapoinama kupima mbao.

Aliyeajiriwa yuko katika hali tofauti, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Leseni inatoka serikalini, lakini mahali pa kazi ni pa mwajiri, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri huyo kuhakikisha watu wake wako salama. Anaweza kuandika katika kanuni za kazi kwamba silaha haiingii getini, na leseni yako haitengui kanuni hiyo. Ukiivunja, unaweza kushtakiwa kinidhamu, kwani Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa mwaka 2007 zinataja kuhatarisha kwa makusudi usalama wa wengine miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi. Lakini mwajiri naye hana uhuru wa kufukuza kwa hasira. Kanuni hizohizo zinauliza kama katazo lilikuwa la haki na linaeleweka, kama mfanyakazi alilijua, na kama linatumika kwa wote, akiwemo mkurugenzi ambaye kila mtu ofisini anajua ana bastola kwenye mkoba wa kompyuta. Mfanyakazi ana haki ya kusikilizwa, na akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Nirudi kwa kijana wa dukani, kwa sababu katika maswali yote ya mzee yule hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na mazoea ya kuiacha bastola kwenye droo ya pesa anapokwenda Makambako kununua mzigo, "ili kijana asilale peke yake". Kwa macho ya mzee huo ulikuwa ni upendo. Kwa macho ya sheria, kijana asiye na leseni anayeishika silaha ile anaimiliki isivyo halali, na aliyemkabidhi naye ana la kujibu. Shtaka la kumiliki silaha bila leseni hufunguliwa chini ya kifungu cha 20 cha Sheria ya mwaka 2015, kikisomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 inaweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Mahakama ya wilaya haiwezi hata kuisikiliza kesi hiyo bila Mkurugenzi wa Mashtaka kutoa ridhaa na hati ya kuipa mamlaka. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama droo ikifungwa kwa ufunguo inatosha. Nilimuuliza ufunguo unabaki kwa nani. Akacheka peke yake.

Walinzi wa makampuni nao wajue kwamba silaha wanayopewa lindoni ni ya kampuni. Zamu ikiisha inarudi ghalani, haiendi nyumbani Uyole au Mwanjelwa.

Wanunuzi wa dhahabu wa Chunya na Makongolosi hutuuliza zaidi kuhusu kutumia kuliko kubeba. Kanuni ya Adhabu inamruhusu mtu kujihami na kulinda mali iliyo mikononi mwake, ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Mwizi aliyeshatupa mfuko na kukimbia si hatari tena, na ukimpiga risasi mgongoni akafa, utetezi wa kujihami utakuwa mgumu sana kuusimamisha. Hata pale ambapo haki ya kujihami ilikuwepo, aliyezidisha nguvu mpaka akaua ana hatia ya kuua bila kukusudia.

Safari za kazi zina mitego yake. Anayevuka Tunduma kwenda Nakonde anaingia kwenye sheria za Zambia, na leseni ya Tanzania haimsaidii, achilia mbali kwamba kuitoa silaha nje ya nchi kunahitaji kibali chake. Katika uwanja wa ndege wa Songwe bastola haiingii na abiria ndani ya ndege, bali hutajwa na kukabidhiwa mapema. Na mfanyabiashara wa Tungamalenga anayekatiza kuingia Hifadhi ya Ruaha akiwa na silaha atatakiwa kumridhisha askari wa hifadhi kwamba hakukusudia kuwinda, maelezo ambayo ni mepesi zaidi kuyatoa getini kabla ya kuulizwa.

Mzee wa Mafinga alipoondoka aliniomba nimwandikie kwenye karatasi mambo ya kumuuliza mkuu wa polisi wa wilaya yake. Niliandika mawili: masharti yaliyomo kwenye leseni yake yanasemaje kuhusu duka, na bastola ihifadhiwe wapi siku anazosafiri bila kuichukua.