Cheki injini baada ya kubadili ekzosi: usikimbilie Gerezani kununua sensa

Juzi kijana mmoja aliingia gereji kwetu Tabata na Subaru Forester ya turbo. Ekzosi tuliisikia tangu iko Barabara ya Mandela. Akashuka na sensa mbili za oksijeni mkononi, zote za maduka ya spea ya Gerezani, zote zimeshafungwa na kufunguliwa.

"Shikamoo fundi. Hii taa ya cheki injini imenishinda. Nimepima, wakasema oksijeni sensa. Nimebadilisha mara mbili, taa inarudi."

Nikamuuliza mashine ilitoa kodi namba ngapi. Hajui. Aliyempimia alifuta kodi, akapokea hela yake, akamtuma dukani.

Kodi, yaani alama ya hitilafu inayohifadhiwa na kompyuta ya gari (siyo ile ya TRA, ingawa na hii inauma), ina namba kwa sababu maalumu. Gari nyingi zina sensa ya mbele, kabla ya masega (kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi), na ya nyuma, baada yake. P0135 ni hita ya sensa ya mbele, P0141 ni hita ya sensa ya nyuma. P0133 ni sensa ya mbele inayochelewa kujibu. Ukiziona hizo, anza na sensa na waya zake. Lakini P0171, mafuta machache, na P0172, mafuta mengi, hazisemi kwamba sensa ni mbovu. Zinasema sensa imeona kitu kwenye moshi na kompyuta imeshindwa kukirekebisha. Kubadilisha sensa kwa P0171 kabla hujapima chochote ni kama kubadilisha geji ya mafuta kwa sababu inasoma tanki tupu.

Sensa yenyewe haipimi mafuta hata kidogo. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Ile ya kawaida hutoa volti 0.1 hivi oksijeni ikiwa nyingi, na karibu 0.9 ikiwa imeisha. Katikati, kwenye 0.45, ndipo kompyuta inapopapasa uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Ndiyo maana ukiitazama sensa nzima kwenye skrini, injini ikiwa imeshapata moto, inapanda na kushuka bila kutulia. Na haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 na zaidi, kwa hiyo ndani yake kuna hita.

Sasa njoo kwenye gari iliyochezewa. Ukitoa manifodi ya kiwandani, yale mabomba ya kwanza yanayopokea moshi wa injini, ukaweka yale marefu yanayoitwa hedazi, sensa mara nyingi inahamia mbali na injini. Moshi unaifikia umepoa, hita inafanya kazi ya ziada, majibu yanachelewa. Waya nao haufiki, unaungwa. Wengi wanaulehemu kwa risasi na kuufunga kwa tepu, na hapo wanaharibu bila kujua: sensa nyingi huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya wenyewe. Risasi ikijaa humo, sensa inakosa pumzi. Unga kwa kubana. Halafu ufunge mbali na hedazi, maana P0135 nyingi ninazoziona kwenye gari za namna hii ni waya uliolalia bomba la moto, ukayeyuka na kulamba fyuzi.

Forester ya kijana ilikuwa na kodi mbili, P0171 na P0420.

P0420 haikuniumiza kichwa. Inatokea kompyuta ikiona sensa ya nyuma inacheza badala ya kutulia, yaani masega hayafanyi kazi. Nikamuuliza kama masega yapo. Akacheka. Yalitolewa pamoja na bomba la zamani.

P0171 ndiyo iliyotukalisha. Kwanza tulirudishia sensa yake ya mbele ya kwanza kabisa, iliyotoka na gari, ambayo bahati nzuri aliiacha kwenye buti. Kisha nilifungua data na kutazama trimu, ile asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kufuatana na sensa. Kwenye gari nzima inacheza karibu na sifuri, hata 5 au 8 sina ugomvi nayo. Yake, injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, ilikuwa +22. Nikakanyaga mpaka mizunguko 3,000, ikashuka hadi +6.

Fundi mwenye haraka akiona hivyo anasema hewa inaingia kwenye inteki, njia ya kuingizia hewa kwenye injini, aanze kubadilisha mipira. Na kweli dalili zinafanana. Nikafungua plagi moja ya kuwashia moto injini: nyeusi, masizi yamejaa. Hapo hesabu ikakataa. Kama hewa ya ziada ingekuwa inaingia kwenye inteki, kompyuta ingeongeza mafuta ya kuitosha na plagi ingebaki na rangi yake. Plagi nyeusi maana yake mafuta yanazidi kweli, huku sensa ya mbele inalia kwamba hayatoshi.

Nikaangalia ya nyuma. Kwa kuwa masega hayapo, ilikuwa inanusa moshi uleule, tena wa silinda zote nne. Imekaa 0.8, haitikisiki. Mafuta mengi. Ya mbele imekaa kwenye mguu mmoja tu wa hedazi. Basi kuna hewa inaingia jirani na ile ya mbele.

Watu wanashangaa: ekzosi inasukuma moshi nje, hewa itaingiaje? Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo presha inashuka chini ya ile ya nje, na penye tundu hewa inanyonywa. Ukikanyaga mapigo yanakaribiana na moshi unazidi nguvu, ndiyo maana trimu ilipungua.

Tuliiacha ipoe. Nikachukua blowa, nikaifunga kwa tambara kwenye bomba la nyuma, nikapuliza, kijana akapaka maji ya sabuni kwenye maungio. Povu lilianza kuchemka chini ya gasketi ya hedazi, pale pale upande wa sensa. Bolti moja ilikuwa haijakazwa mpaka mwisho kwa sababu bomba la hedazi linazuia spana kuingia. Gasketi mpya, spana iliyokatwa mpini, saa moja na nusu. Trimu ikarudi +3. Na ile sensa yake ya kwanza? Nzima.

Zile mbili za Gerezani? Moja ilikuwa na ncha nyeupe kama imepakwa chokaa. Hiyo imelishwa silikoni, aghalabu ya gundi ya gasketi isiyofaa. Nyingine ilikuwa ya aina tofauti kabisa ingawa plagi ya waya inaingia. Hili liangalieni hasa wenye Toyota: sensa ya mbele ya magari mengi ni ya aina nyingine, inayoitwa ya hewa na mafuta (A/F). Haichezi kati ya 0.1 na 0.9. Hukaa karibu na volti 3.3, na mafuta yakipungua inapanda, kinyume cha ile ya kawaida. Ukipima hita yake kwa mita unapata omu chache, 2 au 3, wakati ya kawaida ya Toyota huwa 11 hadi 16 ikiwa baridi. Muuzaji atakwambia zote ni oksijeni sensa.

Na mkipita Jangwani kumejaa maji, kumbukeni ndani ya sensa mna kauri yenye moto mkali. Maji ya ghafla yanaipasua.

Taa ya kijana bado inawaka kwa ile P0420. Aliniomba niweke kile kipande cha kuisogeza sensa ya nyuma itoke kwenye moshi, ili kompyuta idanganyike. Mimi hicho sifungi, na siku ile sensa hiyohiyo ndiyo iliyotuonyesha njia. Nikamwambia alete masega yake tuyarudishe.

Akaangalia chini. Alishayauza, na hela yake ndiyo iliyonunua sensa mbili.