Bolda au vitara: dhana zinazowapotosha wanaoanza

Aliyechoka na mashine za jimu na anayetaka mchezo wa kutumia akili hukutana mapema na michezo hii miwili. Bolda ni kukwea ukuta wa mita 4 hivi bila kamba, chini kukiwa na magodoro mazito. Vitara ni pambano la watu wawili wanaogusana kwa panga nyembamba, kwenye ulingo mwembamba wenye urefu wa mita 14. Kabla hajajaribu wowote, ameshaambiwa mengi, na mengi yake si kweli.

Dhana: Bolda ni ya wenye mikono yenye nguvu.

Wanaochoka mapema mara nyingi ni hao hao wenye misuli. Hujivuta kwa mikono huku viwiko vimekunjwa, na muda si mrefu mikono inakaza kuanzia kiwiko hadi kiganja na vidole vinakataa kufunga. Kinachopandisha mwili ni miguu. Nyoosha mikono unapotafuta kishikio kinachofuata, sogeza nyonga karibu na ukuta, kanyaga kwa ncha ya kiatu upande wa kidole gumba, wala si kwa katikati ya wayo. Usiondoe macho kwenye mguu mpaka utulie juu ya kishikio. Asiyeweza kujivuta hata mara moja kwenye bomba anaweza kumaliza njia rahisi siku ya kwanza.

Dhana: Kuna godoro, kwa hiyo kuanguka si kitu.

Hili tungependa kila anayeanza alisikie kabla ya kuvaa viatu. Bila kamba, kila anguko linafika chini. Godoro hupunguza kishindo, lakini halimzuii mtu kutua kwa mguu mmoja na kuteguka kifundo, wala kutanguliza mkono nyuma na kuvunjika kifundo cha mkono au kuteguka kiwiko.

Jifunze kuanguka kwanza, ukianzia urefu wa goti. Tua kwa miguu yote miwili, iachane kwa upana wa mabega, kunja magoti, kisha usipigane kubaki umesimama: jiachie uende chali, mikono imekumbatia kifua na kidevu kimeinama. Ukifika juu usiruke. Shuka kwa vishikio vikubwa mpaka upite nusu ya ukuta. Usikae wala usipite chini ya anayekwea. Pete ivuliwe, maana ikinasa kwenye kishikio huku mwili unashuka, inaweza kuchuna nyama yote ya kidole.

Dhana: Ukikwama, imarisha vidole kwa kuning'inia kwenye ubao wa mazoezi ya vidole.

Misuli huimarika ndani ya wiki chache. Kano huhitaji miezi mingi. Pengo hilo ndilo linaloumiza. Mtu anajihisi ana nguvu, anang'ang'ania kishikio chembamba kwa vidole vilivyokunjwa sana, gumba likiwa limevifunga kwa juu, na kikanda kinachoibana kano kwenye mfupa wa kidole kinachanika, wakati mwingine kwa mlio unaosikika. Mwaka wa kwanza achana na ubao, shika kwa vidole vilivyofunguka zaidi, na pumzika angalau siku moja kati ya vipindi.

Dhana: Vitara ni hatari kwa sababu ya ncha.

Ncha ni butu. Kwenye foili na epee, mbili kati ya silaha tatu za mchezo huu (ya tatu ni seba), mwisho wake ni kitufe cha umeme chenye springi, na taa ya kuonyesha mguso haiwaki mpaka kibonyezwe kwa uzito wa gramu 500 kwa foili au gramu 750 kwa epee. Tishio kubwa ni chuma cha silaha kinachovunjika. Mwaka 1982 mjini Rome, Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki wa 1980, alifariki baada ya silaha ya mpinzani kuvunjika na kupenya kinyago chake. Kuanzia hapo viwango vya vinyago, mavazi na chuma cha silaha vilipandishwa sana.

Kwa hiyo kagua kila mara. Wavu wa kinyago usiwe na kutu wala sehemu inayobonyea kwa kidole gumba. Silaha yenye ufa au iliyojikunja kwa kona kali iwekwe kando. Mdomo wa glavu ufunike mkono wa jaketi, la sivyo ncha huteleza na kuingia ndani. Mavazi yakiwa sawa, maumivu ya kawaida ni michubuko, msuli wa paja uliovutika, na goti. La goti hutokana na kujitupa mbele huku goti likiingia ndani. Lielekee usawa wa vidole vya mguu.

Dhana: Silaha zote tatu ni kitu kimoja, tena nzito.

Foili na seba hazifiki gramu 500. Epee haifiki 770. Tofauti kubwa iko kwenye sheria. Foili hugusa kiwiliwili tu, seba hugusa kuanzia kiunoni kwenda juu na hukubali pigo la ubapa na makali, na katika zote mbili, wakigusana pamoja, mwamuzi humpa alama aliyekuwa na haki ya kushambulia. Epee hugusa mwili mzima, na wakigusana karibu kwa wakati mmoja wote hupata alama. Ndiyo maana epee hueleweka upesi. Hata hivyo, anza na ile ambayo kocha wa karibu yako anaifundisha vizuri.

Dhana: Yote miwili utajifunza peke yako.

Bolda ndiyo, kwa kiasi kikubwa: unafika saa unayotaka, na ukuta unakungoja. Unahitaji viatu vinavyobana bila kuuma, na chaki ya kukausha viganja. Vitara havikubali hivyo. Unahitaji kocha, mpinzani na ratiba ya klabu, na wiki za mwanzo huenda kwenye miguu tu: mbele, nyuma, kujitupa, kurudi. Klabu nyingi huazima vifaa, kwa hiyo usinunue silaha mapema; anza na glavu, kisha kinyago. Kama kazi yako hubadilisha zamu kila wiki, ratiba hiyo itakushinda kabla ya mpinzani yeyote.

Dhana: Umri umepita.

Vitara vina mashindano ya wakongwe hadi kundi la miaka 70 na zaidi. Kwenye bolda, mwenye goti bovu achague njia anazoweza kushuka nazo hadi chini, na aache zile zinazoishia kwa kuruka.