Kupambanua wito: neno linalotumiwa kabla ya wakati wake

Mtu amefiwa, amepoteza kazi au uchumba wake umevunjika. Wiki mbili baadaye anatangaza: "Nimepambanua, Mungu ananiita." Ukimsikiliza vizuri, anachokieleza ni hamu. Hamu si dhambi, na Mungu anaweza kabisa kuitumia, lakini hamu hiyo haijapambanuliwa bado.

Kupambanua wito ni kuichunguza misukumo ya moyoni kwa sala, kwa muda, na mbele ya mshauri wa kiroho, ili kujua upi unatoka kwa Mungu. Maana ni hiyo tu. Tatizo liko kwenye maneno yenyewe.

Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendua: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua. Pambana ni kugongana, kushikana. Pambanua ni kuvitenga vilivyoshikana. Basi lazima viwepo viwili au zaidi. Mwenye wazo moja tu linalowaka kichwani hana cha kupambanua. Ameshakubali, anatafuta baraka. Ndiyo maana Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 12:10, anataja karama ya kupambanua roho, na katika Kigiriki neno "roho" hapo liko katika wingi: roho ni nyingi, zinachanganyika.

Hamu nayo ina asili ya kuzingatia. Imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya huzuni na wasiwasi, na uchungu huo haujalitoka kabisa. Wito umetokana na kuita, na hakuna kuitwa bila anayeita. Hamu ya wakati wa shida hujua vizuri inakimbia nini. Iulize inakwenda kumtumikia nani, mara nyingi hunyamaza.

Wanaonukuu kanuni ya Inyasi wa Loyola, mtakatifu aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, kwamba wakati wa ukiwa usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na utulivu, nao huikosea kwa namna nyingine. Wanasoma "ukiwa" kama "shida". Shida iko nje: ugonjwa, msiba, madeni. Ukiwa ni hali ya ndani: giza, uvivu wa sala, kukosa tumaini, kujiona umetengwa na Mungu. Mgonjwa mahututi anaweza kuwa na faraja, na mwenye kila kitu akawa katika ukiwa. Kanuni inamhusu wa pili. Tena haimwambii akae tu: inamtaka aongeze sala na kujichunguza.

Inyasi mwenyewe alianza kujifunza haya akiuguza mguu uliovunjwa na mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Ndoto za sifa za kijeshi na ndoto za kuwaiga watakatifu zote zilimpendeza alipokuwa akiziota. Tofauti ilikuja baadaye: za kwanza zilimwacha mkavu, za pili zilimwacha na furaha iliyodumu. Kipimo, basi, ni kile kinachobaki msukumo ukishapoa, wala si ukali wake. Anayeandika daftarini usiku hamu inapochoma tu anakusanya nusu ya ushahidi. Robo saa kila jioni, kwa wiki kadhaa, andika msukumo ulikuja saa ngapi, ulikuwa umelala na kula kiasi gani, na saa chache baadaye ulikuacha vipi. Kisha umsomee mshauri yote, hata siku ambazo hamu haikuja.

Kulala na kula si mambo ya pembeni. Katika 1 Wafalme 19, nabii Eliya analala chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akiomba afe. Malaika hampi utume. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamlisha tena. Zinafuata siku arobaini za njia mpaka Horebu, mlima wa Mungu, na ndipo Mungu anamuuliza anafanya nini pale. Baada ya sauti ndogo ya utulivu anarudishwa alikotoka, akiwa na watu watatu wa kuwatia mafuta kwa majina yao. Hamu yake ilikuwa kufa. Wito ulikuwa kurudi.

Kwa hiyo aliyeumia wiki mbili zilizopita, na sasa anatamani utawa au huduma, asinyamazishwe. Asaidiwe tu kuisema sentensi yake sawasawa: "Nina hamu ya utawa, nimeanza kuipambanua."