"Kesi gani? Sisi hatujamkosea mtu": maneno ya huduma za ulemavu yanayowapoteza wazazi wetu Marekani

Mama mmoja aliyefika Marekani akitokea kambi ya Nyarugusu alipigiwa simu na ofisi inayohudumia watu wenye ulemavu kuhusu mwanawe wa miaka sita. Mkalimani wa kwenye simu akamwambia, "Meneja wa kesi yako anataka kuja nyumbani kwako." Mama akakata simu. Jioni alinipigia mimi, akiongea kwa sauti ya chini kama mtu anayehofia kusikiwa: "Kaka, kesi gani? Sisi hatujamkosea mtu." Ofisi ilipiga tena mara mbili, hakupokea. Majuma yakapita mtoto akiwa hana huduma hata moja.

Nimekalimani katika mikutano mingi ya namna hii, shuleni, hospitalini na sebuleni kwa watu. Hofu ya mama yule ililetwa na neno lililotafsiriwa bila kufikiriwa. Dhana nyingi zinazozunguka katika familia zetu, hasa za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, zina chanzo hichohicho. Nazitaja zile ninazokutana nazo mara kwa mara.

"Ukipewa meneja wa kesi, una kesi"

Huna. Kwetu kesi iko polisi au mahakamani, lakini katika ofisi hizi ni jalada lenye jina la mtu anayehudumiwa, basi. Huyo meneja, ambaye majimbo mengine humwita mratibu wa huduma, kazi yake ni kukaa na familia, kuandika mahitaji ya mtoto, kutafuta watoa huduma na kufuatilia kama kweli wanafika. Ofisi ya ulinzi wa watoto, ile inayofuatilia watoto wanaoteswa, ni nyingine kabisa. Ni kweli kwamba mratibu, kama alivyo mwalimu au daktari, akiona mtoto anateswa hawezi kunyamaza. Lakini hilo silo linalomleta nyumbani kwako.

Mimi siku hizi husema "mratibu wa huduma" hata pale ofisi inaposema vingine. Hali kadhalika "uchunguzi": kwa mtu aliyehojiwa na wanajeshi njiani, neno hilo lina historia yake. "Vipimo" au "tathmini" humwacha mzazi akae kitini bila wasiwasi.

"Ulemavu wa maendeleo ni msaada wa watu waliotoka nchi maskini"

Baba mmoja aliniuliza hivyo kwa dhati, na sikumshangaa. Maendeleo kwetu ni barabara, visima na shule za kata. Ukimwambia mtu mwanawe ana ulemavu wa maendeleo, anaona ramani ya dunia. Kinachokusudiwa ni ulemavu wa ukuaji, yaani ule unaoanza mtu akiwa bado anakua na ambao unatarajiwa kuendelea kuwapo.

Na si jina la ugonjwa. Ni mwavuli. Sheria ya shirikisho inasema hali hiyo, iwe ya mwili, ya akili au yote mawili, iwe imejitokeza kabla ya miaka 22, na imzuie mtu kwa kiasi kikubwa katika maeneo matatu au zaidi kati ya saba: kujihudumia, lugha, kujifunza, kutembea, kujiongoza, kuishi kwa kujitegemea na kujimudu kiuchumi. Majimbo yana tafsiri zao. California, kwa mfano, inataka hali iwe imeanza kabla ya miaka 18.

Hapa ndipo familia zetu zinapojiumiza, na naomba nikae kidogo. Wengi wanaamini kwamba karatasi ya daktari yenye neno usonji (autism) inatosha. Mara nyingi haitoshi. Anayefanya tathmini anataka kujua maisha ya kila siku yanakwendaje. Anauliza, "Anavaa mwenyewe?" Mama anajibu, "Ndiyo, anavaa." Nami nimekaa pale, nimeona mama huyo amesimama mlangoni akimshika mkono, akimfunga vifungo, akimgeuzia shati lililovaliwa nyuma mbele. Kwetu mtu hamwaibishi mtoto wake mbele ya wageni. Unasema anachoweza, asichoweza unakisitiri. Ni malezi mazuri, na katika chumba kile yanamnyima mtoto huduma. Ukiulizwa kama anaweza, eleza nani yuko karibu yake anapofanya, inachukua muda gani, na siku ambayo hukuwepo ilikuwaje.

"Ulemavu wa akili, ugonjwa wa akili, ni yaleyale"

Kiswahili kimelibebesha neno akili mzigo mkubwa. Ulemavu wa akili, ugonjwa wa akili, afya ya akili: mkalimani aliyechoka anayachanganya kwa sekunde moja. Ila huku mara nyingi yanasimamiwa na ofisi tofauti, zenye fedha tofauti. Ulemavu wa akili unahusu uwezo wa kujifunza, kufikiri na kumudu shughuli za kila siku, nao huanza utotoni. Ugonjwa wa akili, kama sonona au skizofrenia, unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Ukitafsiriwa vibaya, unaweza kuzunguka miezi mitatu katika ofisi isiyokuhusu.

Kiingereza nacho kilikuwa na maneno yake mabaya. Ni mwaka 2010 tu ambapo Marekani iliondoa katika sheria zake za shirikisho neno la zamani lenye maana ya kudumaa akili, kwa sheria inayoitwa ya Rosa. Nasi tunayo yetu, taahira na zezeta, ambayo hayafai kutamkwa mbele ya mtoto wala nyuma yake.

Kuna na "mtindio wa ubongo". Kitaalamu ni hali inayotokana na ubongo mchanga kuumia, ikaathiri misuli na mwendo. Lakini mitaani wengi hulitumia kwa mtoto yeyote aliyechelewa kuelewa. Mzazi akilitamka, mkalimani hana budi kurudi na kuuliza: shida iko kwenye viungo au kwenye kuelewa? Wako watu wengi wenye mtindio wa ubongo ambao miili yao haiwatii lakini wanaelewa kila unachosema. Nimeona kijana wa namna hiyo akilia kimya watu wakimjadili kana kwamba hayumo chumbani.

"Subiri, atasema tu, hata mjomba wake alichelewa"

Asiposubiriwa hapotezi kitu. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu ana haki ya kupimwa bila malipo, na mzazi anaweza kuomba mwenyewe bila barua ya daktari. Tangu ombi lifike, sheria inatoa siku 45 za kupima na kuitisha mkutano wa kwanza. Akitimiza miaka mitatu, mlango huo unafungwa na jukumu linahamia kwenye wilaya ya shule.

"IEP ni darasa la wasioelewa, ukisaini mtoto anatengwa"

IEP ni mpango wa elimu wa mtoto mmoja, ulioandikwa kwa ajili yake peke yake: malengo, huduma, dakika ngapi kwa juma, nani atazitoa. Unatokana na sheria iliyopitishwa mwaka 1975, wakati ambapo shule nyingi za Marekani ziliruhusiwa kumfungia mlango mtoto mwenye ulemavu. Sheria hiyo inaelekeza asome pamoja na wenzake wasio na ulemavu kadiri inavyomfaa, na shule ndiyo inayopaswa kueleza sababu ikitaka kumtoa darasani.

Wazazi wengi hudhani wameitwa kusikiliza uamuzi. Mzazi ni mjumbe wa kikao, kwa mujibu wa sheria. Sahihi ya mahudhurio si sahihi ya kukubali. Shule haiwezi kumpima mtoto kwa mara ya kwanza wala kuanza kumpa huduma hizi bila ridhaa yako ya maandishi, na ukiridhia leo unaweza kuiondoa kesho. Mpango hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Unaweza kuomba mkutano kabla ya hapo.

Jambo moja linanikera. Mtoto anafika kutoka kambini, hajawahi kushika penseli, anapewa mtihani kwa Kiingereza, kisha anaitwa mlemavu. Sheria inakataza hilo: hawezi kuhesabiwa kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza au kukosa kufundishwa. Na kinyume chake kipo pia, mtoto mwenye shida halisi ambaye kila mwaka walimu wanasema ni lugha tu, itapita. Pande zote mbili dawa ni vipimo kwa lugha anayoielewa. Shule ina wajibu wa kuleta mkalimani mkutanoni. Usikubali dada yake wa darasa la nane apewe kazi hiyo.

"Mimi ndiye mlezi wake, nimemlea"

Umemlea, hakuna anayebisha. Lakini mlezi wa kisheria ni mtu aliyewekwa na mahakama, na katika majimbo mengi mtoto akifikisha miaka 18 sheria inamwona mtu mzima hata kama hawezi kutamka jina lake. Siku hiyo hospitali inaweza kukataa kukueleza habari zake. Wazazi hushtuka, kisha wanakimbilia ng'ambo ya pili: wanaambiwa lazima waombe ulezi kamili.

Si lazima. Ulezi kamili unaweza kumwondolea mtu haki ya kuamua aishi wapi na atibiwe vipi, na katika baadhi ya majimbo hata kura. Zipo njia za katikati: hati ya uwakilishi, ulezi wa mambo machache tu, au uamuzi wa kusaidiwa, ambapo mtu anaamua mwenyewe akiwa na watu aliowachagua wa kumweleza na kumshauri. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kuandika sheria ya uamuzi wa kusaidiwa, mwaka 2015. Miaka miwili kabla, huko Virginia, Jenny Hatch, mwanamke mwenye Down sindromu aliyewekwa katika nyumba ya pamoja asiyoitaka, alipata mahakamani haki ya kuishi na marafiki aliowachagua. Nikiufikiria uamuzi wa kusaidiwa naona unafanana sana na kikao cha ukoo kilichofanya kazi vizuri: wazee wanashauri, mwenye jambo anasema lake.

"Tumchangie mtoto, pesa iwekwe kwa jina lake"

Michango ni moyo wetu, ila SSI, malipo ya kila mwezi kwa watu wenye ulemavu wenye kipato kidogo, ina kikomo cha akiba cha dola 2,000, na hakijapandishwa tangu 1989. Harambee moja ya kanisani inaweza kuyasimamisha malipo. Tangu sheria ya mwaka 2014 ipo akaunti inayoitwa ABLE, na dola 100,000 za kwanza zilizomo SSI haizihesabu. Ifunguliwe kwanza, ndipo kofia ipitishwe.

"Weiva ni kutia sahihi kwamba umeacha haki za mtoto"

Neno hili, kwa Kiingereza "waiver", limevunja mioyo kuliko mengine yote. Kwa Kiingereza cha kawaida linahusu kuacha haki yako, na wakalimani wengi hulitafsiri hivyohivyo. Mzazi anasikia: weka sahihi hapa kwamba umeacha. Nani ataweka?

Anayeacha kitu si wewe, ni serikali. Zamani Medicaid, bima ya umma ya watu wenye kipato kidogo, ililipia malazi ya muda mrefu ndani ya taasisi, kama hospitali na nyumba za uangalizi, kwa urahisi kuliko msaada wa nyumbani. Katie Beckett, mtoto wa Cedar Rapids, Iowa, mji ambao leo una Wakongo wengi, alikaa hospitalini mpaka miaka mitatu kwa kuwa bima ililipia mashine ya kupumulia akiwa wodini na si akiwa kwao. Mwaka 1981 rais Reagan alilitaja jambo lake hadharani, na Desemba akarudi nyumbani. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha kifungu kinachoruhusu serikali kuu kulegeza masharti yake ili majimbo yalipie huduma za nyumbani. Kulegeza huko ndiko weiva. Mimi husema "mpango wa huduma za nyumbani", kisha naongeza, "kwa Kiingereza utasikia wakisema weiva."

Ndani yake, kutegemea jimbo, mnaweza kupata msaidizi wa kumuogesha mtoto, tiba ya usemi, njia ya mteremko ya kupitisha kiti cha magurudumu, na kumpumzisha mlezi. Hili la mwisho nalo hueleweka kama kuchukuliwa mtoto. Ni mtu anayekuja kukaa na mtoto, akushikie zamu, ili ulale au uende sokoni, kama ambavyo shangazi angefanya tungekuwa nyumbani.

Kuna fomu moja inayowatisha zaidi. Inasema mtoto anahitaji kiwango cha huduma cha taasisi, na chini yake unachagua: taasisi au nyumbani. Mama mmoja aliitupa karatasi mezani, "Hawanichukulii mwanangu." Sehemu ya kwanza ni sharti la kuingia kwenye mpango, la kuthibitisha kwamba mahitaji ni makubwa. Sehemu ya pili ndiyo haki yako. Tia alama kwenye nyumbani.

Kisha unasubiri. Weiva haina nafasi kwa kila anayestahili, na katika majimbo mengi foleni ni ya miaka. Kwa hiyo usingoje mtoto awe mkubwa au hali iwe mbaya ndipo uandikishe. Familia nyingine huandikisha mtoto akiwa bado anatambaa. Ukihamia jimbo jingine nafasi yako haikufuati, unaanza nyuma ya mstari. Na ukihama hata mtaa wa pili, pigia ofisi ya orodha siku hiyohiyo uwape anwani mpya na namba mpya ya simu. Barua ya kukuita huja kwa posta, kwa Kiingereza, ikiwa na tarehe ya mwisho ya kujibu, na jina lisilojibu huweza kufutwa.