Je, wajua kwa nini dawa ya drai klina ikimwagika haielei juu ya maji ya kisima?

Nianze kwa kukiri. Miaka yote nilijua drai klina ni kufua bila kulowesha, nguo inaingia kavu, inapigwa mvuke, inatoka kavu. Siku moja nimepeleka suti ya harusi kwa dobi hapa Mtwara mjini nikamwambia hivyo, akacheka sana. "Kaka, nguo inalowa chapachapa, ila sio kwa maji." Yeye mwenyewe hiyo mashine hana, anafua kwa maji na sabuni kama bibi yangu, ubao wa nje tu ndo umeandikwa drai klina. Ila alishafanya kazi Dar kwenye mashine yenyewe na harufu yake tamutamu anaikumbuka mpaka leo.

Hiyo dawa inaitwa perikloroethilini, tuiite perki. Zamani huko Ulaya walifulia vitu vya jamii ya petroli, maduka yakawa yanaungua, ndo wakahamia perki maana haishiki moto. Moto ukaisha, shida ikahamia chini ya ardhi.

Hapo sasa ndo kosa langu la pili, na hili ndo kubwa. Niliposikia perki imeharibu visima vya kunywa Marekani nilibisha, nikasema ikimwagika si itaruka kwa jua kama petroli, na ikibaki si itaelea, basi chimba kisima kirefu zaidi uchote maji ya chini, kwisha habari. Nilikuwa nimekosea, tena kichwa chini miguu juu.

Kweli juu ya sakafu inaruka haraka. Lakini ikishapenya ni habari nyingine. Chukua chupa ya lita moja ujaze maji, ina kilo moja. Jaza petroli, haifiki kilo. Jaza perki, kilo 1.6! Kwa hiyo ukiimimina kwenye ndoo ya maji inatua chini kama asali, ila asali inajivuta na perki haijivuti, inatiririka kirahisi kuliko hata maji yenyewe. Nzito halafu nyepesi kutembea, mchanganyiko mbaya sana. Inapenya nyufa za saruji, inavuja kwenye viungo vya mabomba ya maji machafu, ikikuta mchanga kama huu wetu wa Mikindani inashuka tu. Petroli ingefika kwenye maji ikasimama juu yake. Perki inapita katikati ya maji, inaendelea mpaka igonge udongo wa mfinyanzi, na hapo inafuata mteremko wa mfinyanzi hata kama maji yanaelekea upande mwingine. Sasa mimi na kisima changu kirefu ningekuwa nimeifuata nyumbani kwake, na nikitoboa huo mfinyanzi ndo nimeifungulia mlango ishuke zaidi.

Halafu haiishi upesi. Umeshakunywa chai ambayo sukari haikukorogwa? Unaongeza chai, bado tamu, unaongeza tena, bado, kwa sababu kule chini kuna kibonge kinayeyuka kidogokidogo. Perki ndo hivyo, ila yenyewe ni mvivu zaidi ya sukari, lita moja ya maji inayeyusha kama gramu 0.2 tu, kwa hiyo matone yaliyonasa kwenye mchanga yanachafua maji kwa miongo. Na hicho kidogo kinatosha. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita, na mikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni. Nimepiga hesabu mara tatu maana sikuamini: lita moja ya perki ikiyeyuka yote inaweza kufikisha kiwango hicho kwenye maboza zaidi ya 32,000 ya lita elfu kumi kumi.

Kisa maarufu ni Camp Lejeune, kambi ya jeshi kule North Carolina. Duka la drai klina lilikuwa nje ya kambi, tangu miaka ya 1950, perki yake ikafika kwenye visima vya kambi, na visima vilivyochafuka vikafungwa 1985. Kwenye afya lakini twende taratibu. Perki imewekwa kwenye kundi la vitu ambavyo *huenda* vinasababisha kansa, na ushahidi mwingi unatoka kwa wafanyakazi wanaoivuta hewani, sio wanywaji wa maji. Pale kambini maji yalikuwa na kemikali nyingine pia, kwa hiyo kusema ugonjwa huu umeletwa na hii ni ngumu.

Na usidhani utaisafisha nyumbani kirahisi. Shabu haiitoi perki kwenye maji, mbegu za mlonge haziitoi, na kidonge cha klorini ndo kichekesho, maana perki yenyewe tayari imebeba klorini nne. Kuchemsha kunaitoa, ila inahamia kwenye hewa ya jikoni kwako. Chujio la mkaa maalum ndo linainasa.

Kuna bakteria wa ardhini, wasiopenda hewa, wanaoibangua perki, wanang'oa klorini moja baada ya nyingine. Ila aliyebangua korosho anajua, ukiishia katikati yale mafuta ya ganda yanakubabua mikono. Bakteria wakibakiza klorini moja inakuwa vinaili kloraidi, na hiyo haina tena "huenda", kansa inasababisha. Wakiing'oa na ya mwisho inabaki ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi.