Albamu ya studio ni ipi hasa?

Albamu ya studio ni nyimbo zilizorekodiwa studioni kwa ajili ya kutoka pamoja kama albamu moja. Maana yenyewe ni fupi hivyo. Tatizo ni kwamba wengi hulishika neno "studio" wakaisahau hiyo "kwa ajili ya".

Juzi nimesoma tena kwamba albamu ya kwanza ya studio ya Muddy Waters, mwanamuziki wa bluzi (muziki wa Wamarekani Weusi), ni The Best of Muddy Waters, ya mwaka 1958. Hapana. Nyimbo zake 12 zilirekodiwa studioni, ni kweli, lakini zilikwishatoka kama singo, yaani santuri za kuuzwa mojamoja, kati ya 1948 na 1954. Kampuni yake ya santuri, Chess, ilizikusanya baadaye. Huo ni mkusanyiko, na ni mtamu mno, lakini ni mkusanyiko.

Mkanganyiko huu una chanzo. Santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Aliyetaka kuuza nyimbo nyingi kwa pamoja alizitia santuri kadhaa kwenye kitabu chenye mifuko ya karatasi, mfano wa albamu ya picha, na jina likatoka hapo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikaleta santuri ndefu, na albamu nzima ikaenea kwenye sahani moja. Wanamuziki wa bluzi walichelewa kufaidika nayo, maana wateja wao walinunua singo. Ndiyo sababu hata Moanin' in the Moonlight ya Howlin' Wolf, ya 1959, ni singo zilizounganishwa. Robert Johnson ndiye mfano mkubwa zaidi: alirekodi 1936 na 1937, akafa 1938, na santuri ndefu iliyompa sifa duniani ikatoka 1961. Hakuwahi kuwa na albamu ya studio.

Muddy aliipata yake 1960: Muddy Waters Sings "Big Bill", aliyoingia studioni kuifanya kwa heshima ya mwanabluzi Big Bill Broonzy, aliyefariki 1958. Hapo huzuka hoja nyingine inayoniudhi zaidi, kwamba nyimbo si zake, kwa hiyo haihesabiki. Utunzi hauhusiki kabisa! Mtazame mwanabluzi Taj Mahal, huyuhuyu aliyekuja kurekodi albamu ya Mkutano pamoja na kundi la taarabu la Culture Musical Club la Zanzibar. Albamu yake ya kwanza, ya 1968, imejaa nyimbo za wakongwe: Statesboro Blues ni ya Blind Willie McTell, aliyeirekodi 1928, na nyingine ni za Sleepy John Estes. Lakini yeye, na magitaa ya Jesse Ed Davis na Ry Cooder, walizipiga upya kwa ajili ya albamu hiyo. Ni albamu ya studio kamili.

Kwa hiyo anayetaka kumjua Muddy Waters na aanze tu na ile ya 1958, hatajuta. Ila akiiandika, aiite mkusanyiko, na kwenye albamu ya kwanza ya studio aweke 1960.